Wiski ya Wagoma Kodi Ukweni

Siku ya kwenda kujitambulisha ukweni Igowole, Mufindi, mimi mtoto wa Mbeya niliona aibu kubeba pombe ya ulanzi. Watu wanaugema wenyewe kwenye mianzi nyuma ya nyumba, niwapelekee wa nini? Nikaingia duka la vinywaji Iringa mjini, nikanunua bourbon, wiski ya Wamarekani inayopikwa kwa mahindi. Mahindi! Nikajua wakulima wa Mufindi nimewapata.

Mchumba wangu alikuwa ameniambia baba yake ni mstaafu wa halmashauri. Mengine nikajijazia mwenyewe: karani, miwani, kiti cha kuzunguka.

Tulikaa sebuleni tukizunguka jiko la mkaa, maana baridi ya huko haina adabu. Mzee aliigeuzageuza chupa, akanirudishia.

"Haya mwanangu, wewe msomi. Hapa nyuma wameandika nini?"

Mimi na kuombwa kusoma tena! Nilisimama kabisa. Nikaeleza kwamba wiski hii inawakumbuka wakulima wa zamani wa Marekani waliogoma kulipa kodi ya pombe yao. Wakawapaka watoza ushuru lami na kuwabandika manyoya ili kuwaaibisha, wakachoma nyumba ya mkubwa wao. Nikatia na chumvi yangu: "Wanaume kwelikweli wale, baba!"

Mchumba wangu akanikanyaga mguu. Mzee aliitua chupa mezani taratibu.

"Mimi nimekusanya ushuru wa ulanzi kwenye vilabu vya huku mpaka nikastaafu," alisema.

Jasho lilinitoka na baridi ile ile. Nilimpenda yule binti, nampenda hata leo, na sasa nilikuwa nimelikoroga mwenyewe mbele ya baba yake.

"Huyo waliyemchomea nyumba, alipona?"

"Alipona, baba," nilijibu haraka, ingawa chupa haikusema.

"Afadhali. Mimi walinimwagia ndoo nzima ya ulanzi, nikiwa na suti mpya. Nzi wakanisindikiza mpaka nyumbani."

Sikujua kama kucheka kunaruhusiwa, nikatazama mkaa. Mama mkwe akaingia na glasi kutoka jikoni.

"Ndoo yenyewe haikujaa," alisema. "Na ule ushuru sijalipa mpaka leo."

Mzee alicheka hadi akakohoa. "Nilirudi kesho yake kumdai, akanifukuza. Nikarudi tena. Mwisho nikaona niende kwao na washenga."

Akafungua chupa, akammiminia mkewe kwanza, halafu mimi.

"Kunywa, mkwe," alisema.