Buti za Jumapili

Siku ile, mwanangu, nilikwenda kazini nimevaa buti shingoni. Naikumbuka kama ya juzi. Ilikuwa miaka ya hamsini, katika kiwanda cha kupasua mbao pembeni mwa mji wa Nakuru. Nilikuwa nasubiri nafasi ya chuo, mwembamba wa mwili, mnene wa Kiingereza. Kazi yangu ilikuwa kusukuma magogo kwa mtaimbo hadi kwenye msumeno.

Tajiri alikuwa ametugawia buti za ngozi ngumu, zenye chuma mbele cha kukinga vidole. Mali kama hiyo nani angeikanyagia tope? Sisi vijana tulizipaka rangi, tukazifunga kamba na kuzitundika shingoni, zibaki mpya hadi Jumapili. Kazini tulivaa akala za matairi, au miguu mitupu. Na Jumapili hiyo nilikuwa na safari ya mtaa wa Bondeni, kujitambulisha nyumbani kwa Mzee Wafula, nyapara wetu, kwa kuwa mimi na binti yake Nekesa tulikuwa tumekwisha kukubaliana.

Asubuhi ile mzee akanisimamisha langoni mwa kiwanda, mbele ya wenzangu.

"Wewe kijana, gogo likiteleza litakuangukia shingoni?"

"Hapana, mzee. Nazitunza tu. Ni za Jumapili."

"Kumbe unanitunzia mimi! Basi utaniletea buti mpya, na miguu utaiacha hapa. Nekesa aolewe na buti?"

Wenzangu walicheka hadi wakaegemea magogo.

"Vaa," akasema. "Ama ushike ufagio."

Nikavaa huku nimenuna. Alasiri gogo moja bichi liliponyoka, likanikalia mguu wa kulia. Nilipiga ukelele usio na usomi wowote. Mzee alilisukuma mwenyewe, akanivua ile buti iliyopasuka, akanishika kidole kimoja kimoja.

"Vyote vipo," akasema. Kisha akavihesabu tena.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu: methali hiyo niliikariri shuleni nikidhani guu limewekwa humo kwa ajili ya vina tu.

Jumapili nilichechemea hadi Bondeni nimevaa buti moja na akala moja. Mama Nekesa alinitazama miguuni, kisha akamtazama mumewe, kama anayeuliza ni mkwe gani huyu.

"Mpe chai," mzee akasema. "Huyu akiambiwa husikia."

Mwanangu, kifaa cha kazi ni cha kazi. Ukipewa buti, usiifiche kwa kuogopa itachakaa. Mchelea buti kuchubuka huchubuka yeye. Ngozi ya ng'ombe fundi ataishona, ya kwako sina hakika. Na mkubwa akikukemea mbele ya watu, meza aibu yako ufanye alivyosema. Aibu haijamvunja mtu mfupa.

Mungu abariki kazi ya mikono yako, na kila jioni miguu yako yote miwili ikufikishe mlangoni kwa wakupendao.