Tusi la Mtani Wangu

Kiingereza cha mtani wangu kilikuwa neno moja tu: stupidi. Alilipata ujanani kwa msimamizi wa shamba la mkonge, akaliona tamu, akabaki nalo. Yeye Mnyamwezi, mimi Mluguru wa milimani, na makabila yetu yametaniana tangu enzi za mababu. Basi tulipojikuta majirani hapa Mafiga, ua kwa ua, hatukuwahi kusalimiana vizuri hata siku moja.

"Stupidi, bado umelala?" Hiyo ndiyo ilikuwa habari za asubuhi. Nikimpelekea ndizi za shambani kwetu, stupidi ilikuwa asante. Mvua ikishuka kutoka Uluguru ikamloweshea mahindi aliyoanika, mvua nayo stupidi. Ila mpumbavu wa kweli hakumwita hivyo hata kidogo. Huyo alimwita mheshimiwa, akaenda zake.

Mke wangu alipofariki, watu waliingia nyumbani wakinong'ona. Yeye alijilaza mlangoni, akasema jeneza halipiti mpaka stupidi mwenye nyumba akiri kwamba marehemu amekimbia gubu lake. Nilikiri mbele ya waombolezaji wote. Nilicheka huku machozi yananitoka, na nadhani kicheko kile ndicho kilichonifikisha makaburini.

Baadaye akaanza kusahau njia ya kurudi kutoka sokoni. Mwaka jana bintiye akamchukua wakaishi wote Turiani.

Tangu hapo mtaa mzima unaniheshimu. Shikamoo mzee, marahaba, na mtu ameshapita. Siku moja nilimwita muuza chipsi stupidi, nikijaribu bahati yangu. Akanipunguzia chipsi. Nina upweke, nasema wazi, na watoto wangu wakipiga simu kutoka Dar nao wananiheshimu mno.

Mwezi uliopita uzalendo ukanishinda, nikapanda basi la Turiani na mkungu wa ndizi. Nilitaka kutukanwa, basi. Njia nzima, miwa ikipita dirishani, nilikuwa nalipanga tusi langu la kumfungulia.

Bintiye alinipokea, akaniambia kwa upole kwamba baba ana siku nzuri na siku mbaya. Nilimkuta uani amekaa kwenye kiti, kanzu safi, ndevu zimechongwa.

"Wewe stupidi!" nikamwambia. "Umenitupa kwa wastaarabu, wewe umekuja kunenepa huku!"

Alinitazama. Nikasubiri. Akamtazama bintiye, kisha akajiinua kwa shida, akaushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili. Kanizidi umri yule, na miaka yote alikuwa hanisamehe jambo hilo.

"Shikamoo, mzee," akasema kwa adabu. "Karibu sana kwetu."

Bintiye aliinama akaanza kuokota ndizi zilizodondoka kwenye mkungu. Mkono wangu ulikuwa bado mikononi mwa mtani wangu, naye alikuwa anangoja jibu.

"Marahaba," nikaitika.