Mkwaju Ubavuni mwa Boksi

Boksi la zamani lina harufu yake: vumbi kavu, gundi iliyokauka, na kwa mbali tumbaku ya kiko ya mtu aliyekuwa nalo. Harufu hiyo niliijua nikiwa na miaka kumi na mmoja, katika baridi yangu ya kwanza London, dukani kwa Babu Jagir kule Southall. Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la sari. Ulipita katikati ya vitambaa vyekundu na vya dhahabu, halafu ghafla ukajikuta mbele ya rafu zilizojaa treni ndogo. Babu alinunua na kuuza treni za kuunga, zile zinazokuja vipande vipande. Unakata kila kipande kutoka kwenye fremu yake na kukigandisha kwa gundi mpaka injini itokee. Alizaliwa Nakuru, baba yake alikuwa fundi wa reli, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko. Baba yangu alifanya kazi katika ghala kule Hayes, na kila Jumamosi aliniacha kwa Babu, maana mama alikuwa bado Unguja akingoja viza. Shuleni nilikuwa na wiki sita sijasema neno. Siku ya kwanza Babu alinitazama akasema, "Wewe msichana, mdomo uliusahau Zanzibar?" Hakuuliza tena. Alinipa boksi nishike.

Mtu wa haya hupenda kazi ya kutazama vitu, na Babu alinifundisha kutazama. Nilijifunza kwamba treni ya kuunga huwa na thamani kubwa ikiwa haijaungwa. Vipande viwe bado kwenye fremu, karatasi ya maelekezo iwemo, nembo za kubandika zisiwe zimegeuka manjano. Taabu ilikuwa kwamba viwanda vilitoa treni ileile tena baada ya miaka mingi, na picha ileile juu ya boksi. Toleo la kwanza lilitafutwa na watu wazima. La baadaye lilikuwa la kuchezea watoto. Boksi la kwanza lilikuwa kavu na la kukwaruza, la baadaye liling'aa na kuteleza. Tena kulikuwa na bei. Zamani hata Waingereza walitumia shilingi, na bei iliandikwa ubavuni kwa mkwaju, kile kistari cha mshazari, kati ya tarakimu, karibu kama tulivyoandika madukani kwetu Unguja. "Ukiona mkwaju," Babu alisema, "funga mlango na usipige chafya." Mimi niliusaka mkwaju kila boksi lilipoingia. Yeye siku hizo alipapasa zaidi kuliko kutazama, nikadhani ndivyo mabingwa wanavyofanya.

Jumamosi moja asubuhi aliingia Mama Baraka, muuguzi, Mchaga wa Moshi aliyekuwa akiishi Barking. Nilimwamkia, akaitikia "Marahaba, mwanangu" kwa sauti iliyojaza chumba. Jirani yake, mzee wa Kiingereza, alikuwa amehamia nyumba ya wazee, na wakati wa kuaga akampa boksi kwa ajili ya mwanawe. "Nimekuja kuuliza kwanza," alisema. "Isije ikawa kanipa kitu cha thamani bila kujua. Ikiwa ni cha maana, narudisha. Mzee wa watu yuko peke yake." Alilitoa kwenye mfuko. Alikuwa amelivika kava la nailoni, kama sisi tunavyovika madaftari shule zikifunguliwa, pembe zimekunjwa vizuri na gundi ya karatasi imebandikwa kwa ndani. Babu alilipokea, akapitisha vidole juu yake, vikateleza. "Hii si ya zamani, mama. Ni ile walitoa baadaye. Mpe kijana aunge."

Mimi nilikuwa nimesimama ubavuni. Chini ya nailoni, wino umefifia kidogo, niliuona mkwaju.

Sikusema. Kwetu mtoto hamkosoi mkubwa mbele ya mgeni; ulimi wenyewe unakataa. Mama Baraka alishukuru, akaacha namba yake ya simu, akasema mwanawe akitoka mpirani atalifungua, akaondoka. Nilikaa na jambo lile mchana kutwa. Chai ilipoa. Karibu na saa kumi na moja, baba yangu akiwa njiani kunichukua, nilipata njia ambayo niliona haina utovu wa adabu. Niliuliza.

"Babu, bei ikiwa na mkwaju, boksi ni la zamani?"

"Nimekuambia mara ngapi? Ndiyo."

"Hata likivikwa nailoni?"

Aliweka bisibisi mezani polepole. "Uliona?"

"Niliona."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa umeshasema wewe, Babu."

Alivua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi. Akanisogezea daftari la namba za wateja na simu. "Tafuta yake. Mimi hapana ona." Kisha akasema nizungumze mimi.

"Nani mwenzangu? Ongeza sauti, mama!" Mama Baraka alisema simuni.

"Shikamoo! Baraka asifungue boksi!" Nilipiga kelele mpaka mwenye duka la sari akachungulia.

"Umechelewa, mwanangu. Keshakata vyote. Gundi iko mpaka kwenye kitambaa changu cha meza."

Babu alichukua simu mkononi mwangu. "Mama Baraka, boksi lilikuwa la kwanza. Mtoto aliona. Macho yangu yameisha, na nimewaficha watu. Mwambie huyo mzee kosa ni langu."

Baadaye Mama Baraka alitusimulia kwamba aliipeleka injini kwa mzee na kumweleza yote. Mzee aliishika, akauliza kama magurudumu yanazunguka. Hayakuzunguka, Baraka alikuwa ameyagandisha. Mzee akasema mtoto aletwe, amfundishe. Kama aliumia kupoteza boksi lake, hakuonyesha, na mimi bado hujiuliza.

Tangu siku ile, mteja akiingia, Babu aliniambia mbele yake, "Haya, niulize." Nami niliuliza kwa sauti: Babu, hii ina mkwaju? Babu, hii namba ni tatu au nane? Yeye alijibu kama mwalimu, na hakuna aliyeaibika. Tulifanya hivyo miaka miwili, mpaka binti yake alipomchukua akaishi naye.

Siku hizi chumba kile kinauza makava ya simu, na treni mpya zinapita Southall kimya kuliko zile za mezani kwetu. Mimi nafanya kazi ghala moja na baba. Treni za kuunga nazitazama kwenye simu nikiwa ndani ya treni ya kwenda kazini. Kila muuzaji anaandika kwamba yake ni ya kwanza, na picha haina harufu. Naikuza picha, natafuta ubavu wa boksi. Juzi niliona kistari ubavuni, nikasahau nilipo. "Babu, huu si mkwaju?" nilisema kwa sauti, na behewa zima likageuka kunitazama.