Mchele Uliocheza Juu ya Bati

Kuna siku moja hainitoki kichwani, mwanangu. Nilikuwa kijana wa kupenda nyumbani mno. Hata kwenda dukani, kwangu ilikuwa safari ya kuagwa. Mwenye miguu alikuwa mke wangu, Minza. Alitaka kufungua meza ya kuuzia mchele kule sokoni Mirongo, mimi nikakataa, maana watu wa hapa Kisesa wangesema nalishwa na mwanamke. Asubuhi hiyo akafunga nguo zake arudi kwa wazazi wake Usagara, akapitia mashineni kukoboa mpunga wa kuwapelekea. Nikamfuata na ndala zangu, sijui hata niseme nini.

Pumba zilielea kama ukungu wa ziwani, jua limepenya katikati yake, na mlio wa injini ukanitia usingizi wa macho wazi. Juu ya mashine palikuwa na bati, na juu ya bati mchele uliomwagika, tabaka jembamba tu. Mtikisiko ulikuwa umeupanga wenyewe: matuta na mabonde, mstari kwa mstari, kama mawimbi madogo yaliyogoma kwenda ufukweni. Nikapitisha mkono kuusawazisha. Nilipoutoa, matuta yakarudi.

"Hata mchele unataka kuutawala," Minza akasema. "Uache."

Nikauacha. Mafuta yalikuwa yanaisha, injini ikapunguza kasi, ndipo nikaona: kila mara bati liliporuka, palipokuwa tuta pakawa bonde, palipokuwa bonde pakawa tuta. Yakabadilishana hivyo, taratibu, bila kusukumana. Kisha injini ikazimika, mchele ukalala.

"Umeona?" akasema. "Aliyekuwa juu ameshuka, na hakuna aliyemcheka."

"Mimi watanicheka."

"Wanakucheka siku zote, bwana. Hujawasikia kwa sababu hutoki."

Nikacheka hadi nikapaliwa na pumba. Nikamwambia meza afungue, jikoni aniachie mimi. Akanikabidhi begi lake nilibebe kurudi nyumbani.

Basi, mwanangu, nyumba yako ikitikisika usikimbilie kuisawazisha kwa nguvu. Tazama kwanza inajipanga vipi. Na ikifika zamu ya mwenzako kuwa juu, shuka bila kununa; huko chini, nakwambia mimi niliyekaa sana, hakuna baridi. Mungu akujalie mwenzi mwenye utani, akupe na wewe moyo wa kuupokea. Mkae kwa raha, mzeeke pamoja.