Nusu ya Kamisheni

Mtaa mzima ulimwita Mama Bima, na jina hilo hakupewa bure. Aliwauzia bima wenye maduka, makondakta, hata sonara mmoja bahili aliyemfungia mlango. Huyo Mama Bima alimsubiri nje mpaka mkewe akatoka, akamuuzia mke. Mume wa Mama Bima, fundi viatu, aliwatania wateja wake: "Huyu mwanamke akikaa na wewe kidogo tu, utakatia bima hata hizo kamba za viatu."

Ila yeye mwenyewe hakuwa na bima. Kampuni aliyoiuzia bima iliwahesabu mawakala kama watu baki: walipwe kamisheni ya walichouza, basi. Likizo, pensheni na matibabu vilikuwa vya walioajiriwa, wale wanaokaa ndani chini ya feni. Hakuwaonea wivu. Mwezi ukiwa mzuri, kamisheni yake iliiacha mbali mishahara yao.

Kisha moyo wa mumewe ukaanza kugoma. Daktari akasema valvu imechakaa, bila kupasuliwa hafiki mbali. Hata wangeuza nyumba, fedha ya upasuaji isingetimia. Bima ya wafanyakazi wa kampuni ingelipa yote, maana ilimbeba na mwenza, hata kama ugonjwa ulianza kabla ya ajira. Kwa hiyo Mama Bima akapiga moyo konde, akaenda kuomba kuajiriwa ofisini.

"Nakupa usimamizi wa mawakala," meneja alimwambia. "Mshahara, likizo, matibabu. Ila kamisheni ya wateja wako wa zamani ndiyo basi tena."

"Basi tena vipi, bosi? Wateja hao nimewatafuta mpaka soli zimeisha, na mume wangu shahidi, ndiye anayezishona."

"Chagua, Mama Bima. Kazi au kamisheni."

"Kazi na nusu ya kamisheni."

"Haiwezekani."

Aliinuka, akachukua mkoba, akaelekea mlangoni polepole. Hiyo ndiyo ilikuwa silaha yake miaka yote: kuondoka kama mtu asiyehitaji kitu. Kabla hajashika kitasa, meneja akamwita. Nusu ikaingizwa kwenye mkataba, tena Mama Bima mwenyewe akisimamia neno kwa neno. Nyumbani alifika akicheka tangu kizingitini.

"Umewanyoa?" mumewe akauliza.

"Bila maji!"

Hospitali ikapanga tarehe ya upasuaji, ikabaki barua ya bima kukubali kulipa. Badala ya barua, Mama Bima akaitwa chumbani kwa meneja. Wakili wa kampuni alikuwa amekaa pale, binti mpole mwenye sauti ya kubembeleza.

"Samahani sana, mama. Ombi lako limekataliwa. Masharti ya bima ya wafanyakazi yanasema anayelipwa kamisheni yoyote ni wakala, hata akiwa na cheo na dawati."

"Lakini kamisheni hiyo mmenipa nyinyi!"

"Tulikupa kwa sababu uliing'ang'ania, mama."

Meneja alikuwa ameinamia kalamu yake kama anayeitafutia hitilafu.

"Basi ichukueni," Mama Bima alisema. "Yote. Na mshahara punguzeni. Niandikieni mkataba mwingine sasa hivi."

"Tunaweza kukuandikia," wakili akajibu. "Ila ugonjwa uliokwisha kukataliwa haulipiwi tena, hata ukiajiriwa upya. Sharti hilo unalijua."

Alilijua. Aliwasomea wateja sharti hilo kila siku, kwa haraka, kabla hawajauliza.

Akaongea bado. Akaomba nusu ya gharama, akaomba robo, akaomba mkopo wa mshahara. Kila alichokitaja kilipokelewa kwa pole. Maneno yalipomwishia aliinuka, akachukua mkoba, akaelekea mlangoni polepole. Akashika kitasa. Akakishika kwa muda.

Hakuna aliyemwita.

Nyumbani alimkuta mumewe amekaa ukingoni mwa kitanda, amevaa viatu alivyoving'arisha mwenyewe, begi la hospitali miguuni.

"Vipi?"

"Bado tunavutana. Wale watu wagumu, lakini nitawalegeza."



"Ukishinda huwa unacheka tangu mlangoni," fundi viatu alisema.

Akainama, ikabidi apumzike katikati ya kuinama, kisha akaanza kufungua kamba. Mama Bima alilivuta begi, akatoa taulo na kulitundika tena kwenye msumari wake ukutani.