Watoto wa Citoyen Bahati

Sipendi kuisimulia hii, maana hata leo, mtu wa miaka sitini na kitu niliyezunguka miji mingi, nikipita mtaa wetu wa Cimpunda kuna atakayeniita lile jina, lakini nyinyi ni wenzangu, chekeni tu.

Ilikuwa wakati wa Zaïre, kila mtu alipoitwa citoyen, yaani raia (hata mwizi). Dada yangu Furaha alichumbiwa na citoyen Bahati, mfanyakazi wa labo, yaani maabara, mpole mno, na mimi mtu mpole mno simwamini. Kila siku, hata Jumapili, alitazama saa akasema, "Niende nipe batoto chakula." Watoto gani, na alituapia hajaoa? Nikamwuliza Furaha, akacheka: "Ni mambo ya kazi yake." Aha, nikajisemea, ameshalishwa uongo.

Basi siku ya mahari, wazee wamekaa, kasiksi, pombe yetu ya ndizi, imemiminwa, Bahati akainuka: "Mutanisamehe, batoto banasikia njaa." Badala ya kunyamaza nikasimama: "Huyu iko na bibi mwingine! Tumufwate!" Ukoo mzima, pamoja na shangazi yetu Maman Cécile na chupa yake ya maji ya baraka, tukamfuata, majirani wakijiunga bila kualikwa, mpaka ndani ya labo.

Hapakuwa na mwanamke. Palikuwa na chombo cha kioo, ndani yake visahani vya damu na mshumaa unaowaka.

"Batoto biko wapi?" nikafoka.

"Ni hawa, badudu ba malaria," akasema Bahati. "Banakulia ndani ya damu ya mutu. Kila siku ninabapa sukari na maji ya damu mupya, bila ile banakufa. Mushumaa inakula hewa, sababu habapendi hewa mingi."

"Damu na mushumaa? Shetani!" Maman Cécile akapiga kelele, akamwaga chupa yote kwenye visahani.

"Maman," Bahati akasema polepole, "umebaua bote."

Nje watu walicheka hadi kukaa chini. Bahati, kazi yake ya miezi imekufa, hakurudi kwenye mahari, na Furaha akaacha kunisemesha.

Wiki iliyofuata homa ikanitikisa. Bahati akaja na sindano, akanitoa damu kwanza, ndipo akanipa dawa (nilishuku ananilipizia kifo cha wadudu wake). Siku chache baadaye akabisha hodi, anatabasamu.

"Shemeji, batoto bamerudi, ndani ya ile damu yako. Tena bote ni ba kwako."

Mahari ikamalizwa, lakini jina langu likabaki Papa Malaria, baba wa wadudu. Mbu akimwuma mtu: "Papa Malaria, kuya ukamate mutoto wako!"

Tangu hapo, mtu akitaja watoto wake, siulizi mama yao ni nani. Nauliza tu kama wamekula.