Kunde za Gundi za Bi Mwanaamina

Bi Mwanaamina wa Ziwani, mjane aliyeishi kwa jembe lake, alikuwa na fahari moja: katika misimu yote aliyopeleka korosho ghalani, gunia lake halikuwahi kurudishwa. Karani aliyapima magunia yake bila hata kuyafungua. Mimi ndiye niliyemvunjia sifa hiyo, na ninayaandika haya nikiwa nimeinamisha uso.

Mwaka 2008 alifika mnunuzi kutoka Dar es Salaam, Bwana Mathayo, akagawa mbegu za guari. Mmea huo ni wa jamii ya kunde. Kiini cha mbegu yake husagwa kuwa unga ambao ukitiwa majini hufanya ute mzito. Alitueleza kwamba wenye viwanda huutia katika aiskrimu, na kwamba wachimbaji wa mafuta na gesi ng'ambo huuchanganya na maji wanayoyasukuma ardhini kupasua miamba. Sehemu kubwa ya guari duniani hulimwa India na Pakistani, na mvua ikikosekana huko, wanunuzi hutafuta kwingine. Sisi tuliokwisha kuviona visima vya gesi vya Msimbati hatukuona ajabu. Wanawake wakaziita kunde za gundi. Bi Mwanaamina aling'oa mihogo yake, akazipanda.

Alivuna magunia manne ya mbegu, akazichanganya na majivu, kama alivyohifadhi kunde zake miaka yote, ili wadudu wasizitoboe. Kisha ikaja barua ya Bwana Mathayo: mbegu zisafishwe vizuri kabla ya kuletwa ghalani. Kwa kuwa hakujua kusoma, aliniletea mimi, mwalimu wa madrasa.

"Kusafisha, Maalim, si kupeta na kuchekecha?"

Miaka arobaini nilikuwa nimefundisha mlango wa tohara, yaani kujitakasa kwa ajili ya sala, na usafi kwangu ulikuwa maji. Sikupenda kusahihishwa na mtu asiyejua herufi.

"Zioshe," nikamwambia. "Maji mengi, mara tatu, mpaka majivu yaishe."

"Mbegu kavu, zioshwe?"

"Bibi, nani kati yetu aliyeisoma barua?"

Akaziosha. Zikafuata siku tatu za mawingu. Mbegu zilivimba, zikatoa ute, zikashikamana mabonge mabonge, nyingine zikachipua. Hata hivyo alizipeleka, kwa kuwa hakuwa na nyingine.

Bwana Mathayo alizamisha mkono guniani, akautoa unanata.

"Mama, nani alikwambia uzioshe?"

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka pale. Bi Mwanaamina alinitazama mara moja, kisha akatazama gunia.

"Hakuna, baba. Ni ujinga wangu."

Jirani yake, Fatuma, alicheka. "Leo na wewe umerudishiwa, shoga? Karibu huku kwetu."

Watu wakacheka. Nami, Mola anisamehe, nikatabasamu pamoja nao.

Siku nane zilipita kabla sijathubutu kwenda kwake. Nilimkuta akiwamwagia kuku zile mbegu, nao wakizikwepa.

"Bibi, nisamehe."

"Nilikusamehe palepale, Maalim. Lakini hukunikosea tukiwa wawili tu."

Nilielewa. Ijumaa, baada ya sala, nilisimama nikasema mbele ya watu wote kwamba kosa lilikuwa langu, na kwamba yeye alijua maana ya neno lile, kusafisha, kuliko mimi. Waliniitikia kwa adabu. Wengine walinisifu kwa unyenyekevu, na sifa hiyo ikanichoma kuliko kicheko cha ghalani, maana walinipa mimi heshima nyingine badala ya kumrudishia yeye ya kwake.

Bwana Mathayo hakurudi tena, na guari haikupandwa tena Ziwani. Msimu wa korosho ulipofika nilikwenda ghalani kwa makusudi. Magunia ya Bi Mwanaamina yalikubaliwa yote. Lakini karani aliyafungua kila moja, akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, naye bibi akasimama kando akisubiri, kama wanavyosubiri wengine.